Herufi Ziende Nyuma: Kwa Nini Kibao cha Plastiki Hufa Kabla ya Mwaka

Asubuhi moja mitaa ya Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, bi mmoja auzaye mahamri na mbaazi alinionyesha kibao chake kwa kidole kilichojaa unga. Kilikuwa kipande cha plastiki angavu, kama urefu wa mkono, kimebandikwa herufi nyekundu kwa mbele. Kilipotundikwa kilisomeka MAHAMRI TAMU. Siku hiyo kilisomeka MAHA RI TAM, na wekundu wenyewe umepauka kama leso iliyofuliwa mara mia. "Miezi minane tu, mwanangu," akasema. "Na fundi aliniapia: hii ni plastiki, haiozi."

Baraza ya pili yake walikuwako wazee na kahawa yao, na kila mmoja alikuwa na hukumu. Wa kwanza alisema ni chumvi ya bahari. Wa pili, gundi za siku hizi ni maji matupu. Wa tatu akasema plastiki ni plastiki tu, angeandikiwa kwenye ubao kama zamani. Maneno hayohayo nimeyasikia Majengo, nimeyasikia Kongowea, hata kwenye foleni ya feri Likoni, na kila mara mwenye kibao huishia kununua kingine cha namna ileile.

Plastiki ya bi yule haikuwa na kosa. Ilikuwa nzima na bado inapitisha mwanga. Zilizokufa ni herufi, na zimekufa kwa sababu zilibandikwa upande usio wao.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Ninaposema plastiki angavu nina maana ya ile bapa ngumu unayoona hadi upande wa pili kama kioo. Jina lake la kitaalamu ni akriliki, na wengi huiita kwa majina ya kibiashara kama Perspex au Plexiglas. Ninaposema herufi za kuhamisha nina maana ya herufi zilizokwisha kutengenezwa, zikakaa juu ya karatasi ya kuzibeba, nawe kazi yako ni kuzitoa hapo na kuziweka unapotaka bila kushika brashi.

Aliyekuwa mtoto enzi za chingamu zenye picha anazijua tayari. Ulilowesha picha kwa mate, ukaikandamiza mkononi, ukangoja, ukabandua karatasi, na simba akabaki kwenye ngozi. Kampuni ya Letraset ilipoanza London mwaka 1959 herufi zake zilikuwa za namna hiyo, za kulowesha maji. Mwaka 1961 ikaleta za kavu, na hizo ndizo zilizotapakaa duniani kwenye ofisi za wasanifu majengo, wachora ramani na watengeneza magazeti, mpaka kompyuta zilipokuja kuzisukuma pembeni.

Herufi ya kavu inafanya kazi hivi. Imechapwa kwa wino chini ya karatasi laini ya plastiki, na juu ya wino huo kuna gundi nyepesi kama nta. Karatasi inaishika herufi kwa udhaifu tu. Unailaza mahali pake, unasugua kwa mgongo wa kijiko au kifuniko cha kalamu, na ukiangalia vizuri utaona weusi ukigeuka kijivu: hapo herufi imeachia karatasi na kushika chini. Unainua karatasi kwa pembe moja, polepole. Ikiwa ncha imebaki juu, unarudisha na kusugua tena. Mwisho unaweka juu yake karatasi inayoteleza iliyokuja nayo, unaikandamiza mara ya pili. Ni kazi ya kutuliza moyo, nakuambia kweli, lakini kinachobaki ni wino na nta tu, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukucha unakitoa.

Jamaa ya pili ndiyo iliyojaa mjini leo, stika za vinili, yaani plastiki nyembamba ya rangi yenye gundi mgongoni. Mashine iitwayo plota inakata herufi kwa kisu kidogo, fundi anaondoa mabaki yasiyotakiwa kama unavyochambua mchele, halafu anazibeba herufi zote pamoja kwa tepu pana hadi kwenye kibao. Vinili ni nene na imara kuliko wino wa kusugua, ila kanuni ni moja: herufi imehama kutoka karatasi kwenda kwenye plastiki na sasa inategemea gundi.

Sasa chukua simu ya zamani, ile kabambe yenye vitufe. Tazama namba 5. Mara nyingi imefutika, kwa kuwa imechapwa juu ya kitufe na kidole kinapita hapo kila siku. Kisha toa kitambulisho chako mfukoni. Kimekaliwa, kimelowa jasho, pengine kimepitia kwenye ndoo ya kufulia, lakini jina lako linasomeka. Si lazima wino wa kitambulisho uwe bora kuliko wa simu. Tofauti ni kwamba jina liko chini ya plastiki na namba 5 iko juu yake. Kibao cha bi wa Kuze kilikuwa simu. Kilipaswa kuwa kitambulisho.

Yaani herufi zinabandikwa nyuma ya plastiki na msomaji anazisoma kupitia humo. Mvua, vumbi, kitambaa na vidole vya watoto vyote vinakutana na akriliki, ambayo inavumilia jua kwa miaka mingi bila kugeuka manjano. Ikichubuka kidogo mbele, neno halijaguswa.

Turudi kwenye hukumu za barazani, tukianza na chumvi, maana hiyo ndiyo inayoaminiwa zaidi. Chumvi haili akriliki, wala haili vinili. Inakula chuma, na inapenda unyevu. Ile michirizi ya kahawia unayoiona chini ya vibao vya Mombasa ni skrubu zikilia kutu. Lakini chumvi ina hila nyingine. Upepo wa kusi unaileta ikiwa imechanganyika na vumbi, inatua juu ya kibao, na ukiifuta kavu umechukua msasa. Bi wetu alikuwa akifuta kibao kila alfajiri kwa ncha ya leso kabla ya kuwasha jiko. M ya kati na U ya mwisho ndizo zilizokuwa mkabala na mkono wake. Mzee wa chumvi alikuwa na haki nusu.

Jua ndilo lenye hatia kubwa. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama karibu kabisa juu ya kichwa. Miale yake inavunja rangi, na rangi hazivumilii sawasawa. Nyeusi inayotokana na masizi hudumu. Nyeupe nzuri hudumu. Nyekundu na manjano za bei rahisi ndizo zinazokwenda kwanza, na kwa bahati mbaya ndizo kila mwenye duka anazozitaka. Kuweka herufi nyuma kunasaidia hapa, ila nisikudanganye: akriliki ya kawaida haizuii miale yote, na nyekundu dhaifu itapauka hata ikiwa nyuma, polepole zaidi tu.

Kuhusu gundi, mzee wa pili alikosea mahali pa kuitazama. Gundi inayoshikilia herufi mbele inaliwa na maji kwenye kila ukingo wa kila herufi. Ikiwa nyuma, na rangi imepakwa juu yake, haina ukingo ulio wazi.

Basi kwa nini kila fundi hafanyi hivyo? Kwa sababu ya kioo. Ukiandika nyuma ya plastiki kama unavyoandika kawaida, mtu wa mbele atasoma kinyumenyume. Umewahi kukaa ndani ya matatu Barabara ya Digo ambulensi ikaja nyuma yenu. Neno lililoandikwa kwenye boneti yake limegeuzwa ili dereva wa mbele alisome sawa kwenye kioo chake. Kibao cha nyuma kinataka jambo hilohilo: herufi zigeuzwe, na mpangilio uende kutoka kulia kuelekea kushoto. Kwa aliyepitia chuo cha Kurani na kuandika Kiarabu hili la pili halitishi, mkono umezoea.

La kwanza ndilo tatizo, na hapa herufi za Kilatini zinafurahisha. A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y zina pande mbili zinazofanana. Ukizitazama kwa nyuma ni zilezile. Kwa hiyo mwenye kuuza MAUA anaweza kutumia herufi za kusugua za kawaida, akazipanga kutoka kulia, akamaliza. Chunguza sasa MAHAMRI TAMU. Herufi kumi na moja, na kumi kati yake hazijali upande. Ni R peke yake inayosaliti. (Warusi wanayo herufi isomwayo "ya" ambayo ni R iliyogeuka hasa, lakini Biashara Street wanauza leso, si herufi za Kirusi.) Angalizo moja: hili ni kweli kwa mwandiko wa mistari yenye unene sawa. Mwandiko wa vitabuni, wenye mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba, unaharibu ulinganifu wa A, M na U.

Kwa herufi zilizobaki kuna njia za kutokea. Ukienda kwa mwenye plota, mwambie akate "kwa kioo". Kwenye kompyuta ni kubonyeza mara moja na haipaswi kukuongezea bei. Huna plota, chukua kipande cha vinili, kigeuze, chora R ya kawaida kwenye karatasi yake ya mgongoni, kisha ikate kwa wembe na rula. Ukiipindua, imekwisha kugeuka yenyewe. Na ikiwa unazo herufi za kusugua tu, bandika kawaida juu ya bapa moja, kisha funika kwa bapa la pili angavu kama picha ndani ya fremu. Njia hii ni nyepesi, lakini kwa pwani siipendi sana. Unyevu unapenya katikati, plastiki inapata ukungu kwa ndani, na baada ya masika unaona mabaka ya kijani. Ukiitumia, ziba juu na pembeni, acha uwazi mdogo chini pumzi itoke.

Kuna jambo moja kuhusu stika za nyuma ambalo mafundi hulisahau. Msomaji haoni uso wa stika, anaona upande wa gundi. Vinili nyingine zina gundi angavu na rangi inaonekana vilevile. Nyingine zina mgongo wa kijivu, na nyekundu yako itageuka simenti. Bandua kona moja dukani uitazame kabla ya kulipa.

Tufike sasa kwenye kitu kinachowachanganya watu kuliko kioo: mpangilio wa rangi. Mchoraji wa ukutani anapaka nyeupe kwanza, kisha anaandika juu yake. Nyuma ya plastiki mambo yanapinduka. Kibao changu cha kwanza nilikipaka nyeupe safi, nikangoja ikauke usiku kucha, nikapanga herufi kwa uangalifu wote, nikakigeuza kukitazama. Nikaona bapa jeupe, zuri mno, tupu kama karatasi mpya.

Fikiria pilau inayopinduliwa kwenye sinia. Ukoko uliokuwa chini ya sufuria ndio unaokuja juu, na kilichotiwa mwisho kinalala chini. Kibao cha nyuma ni sufuria hiyo. Kinachogusa plastiki kwanza ndicho mteja atakachokiona mbele ya vyote. Herufi zitangulie, kivuli cha herufi kama unakitaka kifuate, na rangi ya mandhari iwe ya mwisho, ikifunika kila kitu.

Ukitaka herufi ziwe za rangi ya kupaka badala ya vinili, unaweza kuitumia stika kama kizuizi. Bandika herufi zilizogeuzwa, paka mandhari, na rangi ikishakauka kiasi cha kutonata, zibandue taratibu ukivuta karibu na plastiki, si kuelekea juu. Yatabaki matundu angavu yenye umbo la herufi. Paka nyekundu juu ya yote. Kwa mbele nyekundu itatokeza kwenye matundu tu. Usiache stika mpaka kesho kutwa, zitang'oa rangi vipandevipande.

Katika kupaka ndiko vibao vingi vinapoharibika. Rangi ya kupuliza ina thina, na thina haina urafiki na wino wa herufi za kusugua wala na akriliki yenyewe. Ukiimwaga kwa pupa herufi zinakunjamana mbele ya macho yako. Puliza ukungu mwepesi, mkono ukiwa mbali, acha ukauke, rudia. Mapulizo manne ya namna hiyo yanashinda moja zito. Hewa ikiwa na maji mengi, kama alfajiri za Mei, baadhi ya rangi hukauka na utando wa maziwa. Subiri jua lipande. Mwenye subira zaidi atumie rangi ya maji kwa sponji, haina harufu wala haiumi plastiki. Na kabla ya yote, osha kwa maji ya sabuni. Usifute kwa spiriti wala petroli, hasa kingo zilizokatwa kwa leza. Zinapata nyufa nyembamba kama nywele, pengine siku hiyohiyo.

Mzee wa tatu, wa plastiki ni plastiki, anastahili jibu lake. Zipo bapa angavu za namna tatu utakazokutana nazo. Akriliki nimeshaisema. Polikaboneti ni ngumu kupita kiasi, unaipinda bila kuvunjika, lakini isipopakwa kinga kiwandani inageuka manjano juani. Ya tatu ni polistirini, ya bei ya chini, inayouzwa kwa fremu za picha. Ukiiangusha inalia kama bati dogo. Ndani ya nyumba haina neno. Nje itageuka manjano na kukatika kama biskuti. Dukani soma jina kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya bapa, na ukikuta limeng'olewa, uliza kwa nini.

Wengine hupaka vanishi mbele ili kulinda herufi zilizo juu. Vanishi ya mbao inageuka rangi ya chai, thina yake inalegeza herufi, na jua likiibambua inaondoka na neno zima.

Kutundika nitakupitisha haraka, ila kuna kosa moja linalovunja vibao vizuri. Akriliki inatanuka kwa joto. Bapa la mita 1, kati ya ubaridi wa alfajiri na ukali wa saa nane mchana likiwa ukutani juani, joto lake linaweza kupanda digrii 30, na hapo linaongezeka takriban milimita 2. Ukilibana kwa skrubu zilizojaa tundu, halina pa kwenda, linapasuka kwenye tundu. Toboa tundu pana kuliko skrubu kwa milimita mbili tatu, kwa keekee ya mwendo mdogo, ubao ukiwa chini. Tia washa laini, kile kipete cha chini ya kichwa cha skrubu, usikaze mpaka mwisho. Skrubu ziwe zisizoshika kutu. Ukitumia silikoni, epuka ile yenye harufu ya siki karibu na chuma. Hiyo siki inaharakisha kutu.

Kibao kipya cha bi wa Kuze tulikifanya nyeusi juu ya nyeupe. Alinung'unikia nyekundu yake, tukapatana: mstari mmoja mwekundu chini, ukipauka usipauke. Herufi kumi tulizipanga kawaida, kutoka kulia, na R niliikata kwa wembe mgongoni mwa stika. Leso bado anaifutia, sikuweza kumwachisha. Nimemwachia chupa ya maji ya sabuni anyunyize kwanza, na baadhi ya siku hukumbuka.

Juzi aliniita tena. Anataka niongeze MBAAZI hapo chini, nafasi si ipo? Nikamweleza kwamba kibao cha nyuma kikishafunikwa rangi hakiongezwi neno, kinaanzwa upya. Tena B na Z zote mbili zina upande. Alinitazama kidogo, akanifungia mahamri manne kwenye gazeti. "Basi anza upya," akasema.